Dari la Matete

Jumatatu, 2 Juni 1986

Na jambo jingine nililosahau kuandika jana: anacheka akiwa usingizini! Magdalena wangu. Sijui anaota nini. Nilibaki nimemtazama mpaka jogoo akawika. Amelala na koti langu la sufu juu ya blanketi mbili, soksi zangu miguuni, na bado ni mzuri kuliko siku niliyomwona mara ya kwanza kule kwao Tabora, nilipokuwa kidato cha tatu.

Alfajiri bati lilitoa jasho, tone likamwangukia kwenye paji la uso. Akasema nyumba imembatiza. Tulicheka mpaka tukakosa pumzi.

Nyumba yetu! Matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, madirisha makubwa ya vioo. Inaonekana tangu barabarani. Nilimwahidi kwamba humu hatasikia baridi. Nimeahidi.

Alhamisi, 5 Juni

Upepo tangu jana. Kijiji chetu chote cha Nyakasimbi kimejikunyata. Jioni joto lote linapanda juu na kupotelea kwenye bati. Magdalena hajazoea. Midomo imempasuka.

Mama alileta mzigo wa nyasi kavu atutandikie sakafuni, kama alivyofanya maisha yake yote. Nilikataa. Nimwage nyasi juu ya saruji? Mama akaniuliza kama saruji ndiyo niliyooa. Nilikasirika.

Siku hizi Magdalena anashinda kwenye msonge wa mama, hapo nyuma, miguu ndani ya nyasi. Hawaelewani hata lugha, mmoja Kinyambo, mwingine Kiswahili, lakini nawasikia wakicheka. Naona wivu. Naionea wivu nyumba ya majani.

Msonge mkubwa wa marehemu baba niliubomoa ili kupata kiwanja hiki. Nyasi zake nilizimwaga migombani. Leo nimeukumbuka.

Jumatatu, 9 Juni

Nimepata! Baridi inapita pale juu, kati ya ukuta na bati. Nimeziba kila tundu kwa majani makavu ya migomba na udongo. Madirisha nimeyaziba kwa matambara. Kisha nikaingiza jiko la mkaa chumbani. Joto! Magdalena amevua soksi. Tumecheza dansi bila redio, mimi nikiimba. Mwanamume mwenye furaha kuliko mimi hayupo Karagwe nzima.

Jumanne, 10 Juni

Nusura nimuue Magdalena. Sikutaka, lakini ningemuua.

Mama alileta uji, akabisha, kimya. Akavunja kioo kwa mchi. Nilisikia kelele zake kama zinatoka ng'ambo ya mto. Kichwa kilikuwa kinapasuka, miguu haipo. Magdalena hakuamka. Mama alimburuta peke yake mpaka nje kwenye umande. Huko Magdalena akatapika. Akafungua macho.

Mkaa ulikuwa umemaliza hewa yote ya kupumua, na mimi ndiye niliyeziba matundu.

Mama hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Jumapili, 15 Juni

Nimezibua. Baridi imerudi. Nyuma ya kitanda ukuta umeota ukungu mweusi, unanuka kama pango. Nafuta, unaota tena. Magdalena anakohoa.

Watu waliotoka kanisani walisimama kuisifu nyumba. Walipoondoka akaniambia, "Mume wangu, hii nyumba umewajengea wapita njia."

Hakusema kwa hasira.

Jumatano, 18 Juni

Kichomi. Mganga wa zahanati amemdunga sindano na kusema asilale penye ukungu.

Nilimeza kiburi nikamwomba mama alale naye msongeni. Mama amekataa. Moshi wa kule utamalizia kifua, anasema, yeye mwenyewe macho yamekwisha kwa moshi huo. Ni kweli.

Kwa hiyo nina bati, nina vioo, nina saruji, nina mshahara wa ualimu, nina shamba la kahawa, na sina mahali pa kumlaza mke wangu.

Jumamosi, 21 Juni

Ameondoka. Kaka yake, aliyepata habari za kikohozi, alifika jana kumchukua. Aliingia chumbani, akagusa ukuta, akanusa vidole. "Shemeji, kwetu hata kuku wanalala pakavu."

Nimestahili.

Nilimbebea sanduku mpaka kituo cha basi cha Omurushaka. Basi lilichelewa, nikaomba lisije kabisa. Magdalena alinivika soksi moja ya mkononi, glavu aliyokuwa ananifumia. Ya pili bado. Akasema, "Nitarudi pakiwa na pa kulala." Hakulia. Mimi nililia, mbele ya wauza ndizi.

Jumatano, 2 Julai

Siwezi kulala, kwa hiyo najenga. Nimekata matete bondeni. Nayafunga kwa kamba za migomba, yawe dari chini ya bati. Juu ya matete nyasi kavu, nene. Chini yake udongo na samadi ya ng'ombe. Matundu mawili nimeyaacha juu ukutani, nyumba ipumue. Dirisha la upande wa upepo nimelipunguza kwa tofali. Jiko halitaingia tena. Jikoni ni nje.

Fundi Deo, aliyenipigia bati, amepita akacheka: "Mwalimu, unajenga msonge ndani ya nyumba?"

Ndiyo, nikamwambia. Shika kamba upande huo.

Akashika.

Jumapili, 6 Julai

Msafiri kutoka Tabora ameleta salamu. Bado anakohoa. Baba yake amesema binti harudi kwenye baridi, afadhali arudishe mahari.

Nimekaa juu ya rundo la matete mchana mzima. Hili joto namjengea nani? Nimechoka. Sina tumaini lolote.

Mama alikuja na nyasi, akazitandika sakafuni mwote bila kuniuliza. Sikumzuia.

Alhamisi, 10 Julai

Dari lilikamilika juzi. Nimeamka kumekucha. Nje umande mzito, ukungu umefunika bonde. Ndani hakuna tone. Nimepanda kitini nikagusa dari kwa kiganja. Kavu. Nyuma ya kitanda pakavu. Miguu ndani ya nyasi, vuguvugu.

Khanga yake iko kwenye msumari. Nayo imekauka.

Pametulia mno. Ningefurahi tone linidondokee usoni, mradi awepo wa kucheka.

Mama anafungia kahawa ya kutafuna kwenye majani ya mgomba, ya kuwapelekea wakwe. Hajaniuliza kama nakwenda. Nitabeba na kipande cha dari, tete moja lenye udongo wake, baba yake aliguse. Lakini kwanza nitauliza kifua cha Magdalena kinaendeleaje.

Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa Tabora, mlangoni kwao.