Kivuva Amejibu Swali la Tabianchi

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Leo amekuja Mukami, msichana wa utafiti kutoka chuo kikuu. Ametukuta wavuvi wote tisa kando ya bwawa. Anauliza tunaonaje mabadiliko ya tabianchi. Kikundi kitakachojieleza vizuri kitaletewa tingatinga la kutoa tope. Tope limekula nusu ya bwawa letu – hilo tingatinga tunalihitaji!
Aliyejibu kwanza ni shemeji yangu Kivuva, ambaye amevua hapa miaka mingi kuliko sisi sote. Akasema ni kweli, tabia ya nchi imeharibika, siku hizi watu hata hawasalimiani. Alieleza dakika arobaini. Mukami aliandika mstari mmoja. Nilichungulia: "Hawana ufahamu."

Jumatano, 10 Septemba
Nimembembeleza Mukami kwa simu. Atarudi Ijumaa. Mimi ndiye katibu, kwa hivyo nimewafundisha. Nimeandika kwenye kadibodi: joto, moshi, miti. Mwenyekiti wetu Ndila alikariri kama mtoto wa nasari. Kivuva akauliza, moshi wa nani? Nikasema wa viwanda, nchi za mbali. Akauliza kama hao wenye moshi wameambiwa.
Nimemwomba Ijumaa apumzike nyumbani. Amekubali haraka mno.

Ijumaa, 12 Septemba
Kivuva amekuja. Na koti la kanisa.
Ndila alianza vizuri. Joto, moshi, miti. Halafu akakwama, akarudia yale yale mara tatu. Mukami akafunika kalamu. Niliona tingatinga likienda kwa wengine.
Kivuva akamwambia, "Mwanangu, vua viatu nikuonyeshe."
Wakaingia kwenye tope. Akamwonyesha mahali maji yalimfika kifuani mwaka aliooa. Leo mbuzi wamelala hapo. Akamweleza kambare: zamani mvua ya kwanza ikinyesha, walitaga mayai kwenye nyasi za ukingoni, na mvua iliendelea. "Sasa inanyesha siku moja. Wanataga. Jua linarudi, mayai yanakauka. Samaki hawajui waamini nini."
Alisema polepole, bila kadibodi. Niliona aibu kwamba nilimwambia abaki nyumbani.
Mukami aliandika kurasa tatu amesimama. Alipotaka kutoka, miguu ikakataa! Tope magotini. Ndila amevuta mkono mmoja, mimi mwingine. Wapi. Tumemwondolea daftari lisilowe, na Mwau, mvuvi mwenzetu, amekimbia kutafuta kamba.
Naandika haya ukingoni nikimngoja Mwau na kamba. Kivuva bado anaeleza, amefika mwaka wa 2009. Mukami ameomba tumrudishie daftari.