Kichwa cha Punda

Lindenfurt, siku ya Mtakatifu Yakobo, 1523

Mwanangu Lienhart,

Mungu akiwa hajachoka kukusalimu, pokea na salamu zangu. Kifua kinabana, lakini kabichi naila. Herufi nimezoea kuzichonga kinyume kwenye mbao za kuchapia, basi zikikushinda kazisome kwenye kioo.

Mchuuzi kanionyesha karatasi iliyochapwa kwako Augsburg. Ule ubao wangu wa Mwanakondoo, ambao toka hapa mpaka mto Rhine hakuna awezaye kuchonga manyoya kama yale, umemkata kichwa ukachomeka cha punda. Umefanya nini, mtoto? Na bendera ya msalaba umeiacha begani. Hata mchunga bata anajua Mwanakondoo mwenye bendera ni Bwana Yesu.

Baba yako, Veit

Augsburg, baada ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria

Shikamoo Baba,

Huku wazima, ila usingizi sina. Nilimkusudia padre wenu, aliyemnyima Mama kaburi la kanisani. Punda ndani ya ngozi ya kondoo, watu wacheke. Nilitazama kichwa tu, bendera sikuiona kabisa. Nasikia anayemdhihaki Bwana hukatwa mkono. Wameshanijua?

Mwanao, Lienhart

Lindenfurt, siku ya Mtakatifu Mikaeli

Mwanangu,

U mzima? Mimi nipo.

Wazee wa mji waliniita, ile karatasi iko mezani. Manyoya waliyatambua papo hapo, nani asiyejua manyoya yangu? Wakauliza kichwa kachomeka nani. Nikasema mimi. Padre, aliyeketi nao, akacheka.

“Mzee Veit, acha hizo. Sikio moja limesimama, jingine kama mwiko. Hii kazi ya mwanagenzi. Ya mwanao, sivyo?”

Mimi, Veit, nikubali masikio yale? Kisha nikasema, “Ni yangu. Macho yamekwisha, mkono unatetemeka. Bendera niliisahau. Kazi imenishinda.” Nikautetemesha, wakauona.

Waliamini upesi, mtoto. Upesi mno. Hata yule Hans, ambaye kushika kisu nilimfundisha mimi, alitikisa kichwa kwa huruma.

Mkono wameniachia kwa ajili ya uzee. Visu wamechukua, na nimeapishwa nisichonge tena.

Huku usije. Ubao uchome leo. Na sikio huanza kuchongwa kwa ndani, nilikuambia, hukusikia.

Baba yako