Saa ya Kiguu

Kwako Dada,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, na natumaini magoti yameacha kukusumbua. Shemeji naye hajambo? Sisi huku tuko wazima, wote watatu, na hilo si jambo dogo. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana kwenye simu huwa unaongea wewe tu.

Asante kwa wiki uliyotutembelea. Majirani bado wanayasifu mafundisho yako ya malezi, hasa uliposema kwamba binti yangu hana usonji wowote, kakosa adabu tu, na kwamba ile saa ya kumfuatilia niliyomfunga mkononi ni kengele ya ng'ombe. Walicheka. Mtaa mzima unamwita Kiguu kwa kuwa ni kiguu na njia, lakini wewe hujawahi kumkimbiza barabarani bila viatu, kwa hiyo nawe ukacheka.

Sasa nikueleze ya siku uliyoondoka, maana ulipata kipande tu. Asubuhi mimi nilikwenda kiwandani, baba yake akaenda gereji, tukakuachia mtoto mpaka wifi afike, ndipo ukapande basi. Wifi alipofika alikuta lango wazi na nyumba kimya. Akanipigia analia hata simwelewi. Niliacha sare ya shule chini ya sindano ya cherehani, nikafungua ramani ya saa kwenye simu. Kidoti cha buluu kilikuwa barabara kuu, kinakwenda kasi.

Mtoto wa miaka saba hakimbii hivyo. Nikajua kaibwa. Baba yake akaazima pikipiki ya mteja, akakifuata. Polisi nao wakaelekea huko huko. Baba yake alilipita basi lako akienda na akirudi, akichungulia ndani ya magari madogo. Nilikupigia nikakueleza yote. Ukasema wifi ni mzembe tangu zamani, na mimi nimwombe Mungu. Nikakushukuru. Mjinga mimi, nikakushukuru.

Kiguu alikuwa upande mwingine kabisa, bila saa mkononi, nyuma ya soko, kwenye mashine ya kusaga. Unajua anavyopenda kitu kinachozunguka. Au hujui, hukuuliza. Alipenya katikati ya magunia mpaka kwenye mkanda wa mashine, akanyoosha mkono. Msagaji aligeuka kuchukua debe, akamwona, akazima. Mkanda ulisimama karibu mno na vidole vyake. Mwanangu akapiga mayowe, si kwa hofu, bali kwa sababu mashine imezimwa. Namba yangu nimeidarizi kwenye pindo la gauni lake. Msagaji akaiona, akanipigia. Nilimkuta kamkalisha juu ya gunia, anamzungushia kifuniko cha ndoo ili anyamaze.

Nyumbani, wifi alikuwa keshalaumiwa na ukoo mzima kwamba alichelewa. Alikaa jikoni akisugua sufuria zilizokwisha kutakata.

Jioni nilifungua tena ramani, nikakuta kidoti bado kinatembea. Kikaingia mji wenu, kikapita stendi, kikakata kona ya duka la saruji, kikatulia. Nyumba ile nimelala likizo nyingi, Dada. Ni kwako.

Kwa hiyo najua. Ulimvua saa ukaitia kwenye mkoba, na kwa haraka ya kuwahi basi ukaondoka bila kumngoja wifi, ukaliacha lango wazi. Hayo ningekusamehe. Lakini nilipokupigia nikilia, saa ilikuwa mapajani mwako, na ulijua kwamba tunakufukuza wewe. Ungesema tu, “Ninayo mimi.” Ukaona heri mwanangu apotee kuliko wewe uonekane umekosea. Nimetafuta jina la mtu wa namna hiyo, sijapata linaloandikika kwenye karatasi safi.

Wifi nimemwomba radhi mbele ya wote waliomsema, na wote nimewaambia saa iko kwa nani. Ukiona simu za kukualika ukafundishe malezi zimepungua, usihangaike kutafuta sababu.

Saa baki nayo. Tumeshanunua nyingine, na fundi ameweka komeo na kufuli juu kabisa ya lango. Komeo ni kwa ajili ya Kiguu. Kufuli ni kwa ajili yako.

Msalimie shemeji, mwambie yeye hana kosa na mlango kwake u wazi. Salamu za Kiguu sina, hajauliza ulikokwenda.

Ni mimi,
aliyekuwa mdogo wako.