Fundi Friji Anarudi Mapema

Machi 4

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai hujambo na mgongo umetulia. Mimi mzima kabisa. Mwanangu Chiriku hajambo? Jino limetoka au bado linaning'inia?

Nakuandikia barua kwa sababu tukiongea kwenye simu yule mtoto huwa amebandika sikio, na hili nataka ulisikie wewe kwanza. Nimefunga karakana. Ndiyo, umesoma sawasawa. Nimekiteremsha kibao changu cha FUNDI FRIJI SAA ZOTE, vifaa nimemwachia jirani anayetengeneza feni, na sasa nimeajiriwa kiwanda cha maziwa. Natunza mitambo ya vyumba vya baridi. Naingia asubuhi, saa kumi natoka, na Jumapili ni yangu. Kengele ikilia, mtu wa zamu ya jioni anashika spana, mimi naondoka zangu. Siku ya kwanza nilisimama getini kama mtu aliyesahau kitu ndani.

Unajua kilichonisukuma? Ile Jumapili nilipokuja kwako. Chai haijapoa, muuza aiskrimu akapiga simu, friji imekufa, mzigo unayeyuka. Nikainuka. Chiriku hata hakulia. Alinipa mkono, akasema, "Karibu tena." Karibu tena, dada! Kama mimi ni mtu aliyekuja kusoma mita! Njia nzima ndani ya basi nilikuwa nalirudia neno hilo.

Mama yake alipofariki ulimchukua kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa kuitwa wakati wowote, na wewe ulikuwa na kazi yako ya posta, ya saa zinazoeleweka. Umemlea, na sina namna ya kukushukuru ikatosha. Lakini sasa na mimi nina jioni. Nataka mwanangu aje tukae wote. Shule zikifungwa nitakuja kumchukua.

Mdogo wako


Machi 19

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo ni uleule. Jino lilitoka juzi. Alinipa mimi nimtunzie.

Hongera kwa kazi. Nimefurahi sana. Nimefurahi mpaka nikaunguza mboga.

Ila tusikimbie. Hata muda wa majaribio hujamaliza. Wewe nakujua, tangu utotoni hukuweza kuambiwa fanya hiki, acha kile. Msimamizi akikufokea mara mbili utarudi kwenye spana zako, na mtoto atakuwa ameshahamishwa kama sanduku. Tena mwalimu wake anasema anasoma vizuri mno, itakuwa hasara kumtoa. Tena ana kikohozi. Tena halali bila hadithi, na hadithi yenyewe si yoyote, ni ile ninayoitunga mimi, ya fisi na bibi harusi, na kila usiku lazima ianzie pale tulipoishia. Wewe utaanzia wapi? Hujui tulipoishia.

Tungoje mwisho wa mwaka. Yeye sijamwambia kitu.

Dada yako


Aprili 2

Dada,

Shikamoo. Kikohozi kimepona?

Sikujibu haraka ili nisijibu vibaya. Majaribio yataisha kabla shule hazijafungwa. Na msimamizi wangu, mama mfupi mwenye sauti kama honi ya lori, ameshanifokea zaidi ya hizo mara mbili zako, na niko palepale.

Nimehama kile chumba cha nyuma ya karakana. Nimepanga vyumba viwili ghorofani, dirisha moja linatazama uwanja wa shule. Nimenunua kitanda kidogo, nikakipaka rangi ya njano mwenyewe. Imetoka kama ugonjwa, lakini kitanda ni imara. Wapangaji wenzangu wakiniona nafua nguo jua bado liko juu wanadhani nimefukuzwa kazi. Mzee wa chumba cha chini amenikatia mpaka tangazo la kazi gazetini.

Nikwambie kitu, dada. Miaka hiyo nilikuwa nikipiga simu usiku, nimelala chali sakafuni kwenye jiko la hoteli ya mtu, natafuta bomba linavujia wapi. Wewe unasema, "Ngoja, anakuja," unaiweka simu mezani. Nasikia sahani, nasikia maji, namsikia mwanangu anakueleza habari zake, mnacheka. Halafu anakuja kwangu, namuuliza habari za shule, anasema, "Nzuri." Basi. Nilikuonea wivu mpaka nikatamani kukata simu.

Tafadhali mwambie mapema, asije akashtuka.

Mdogo wako


Mei 2

Mdogo wangu,

Mlifika salama? Mnaendeleaje? Mimi mzima, kama huu nao ni uzima.

Hukutaka kulala hata usiku mmoja. Ulifika, ukanywa chai, ukabeba begi. Na mimi nilikuwa nimejiandaa! Nilijua ataning'ang'ania, nikawa na maneno yangu tayari ya kumbembeleza, nimeyapanga tangu alfajiri. Kumbe! Aliruka ndani ya basi, akawahi dirishani, akaanza kukuuliza kama maziwa ya kiwandani yanatoka kwenye bomba. Alinipungia mkono huku anakutazama wewe. Basi likaondoka, maneno yangu ya kubembeleza yakabaki na mimi stendi.

Posta wameniona nimebadilika. Mwenzangu wa dirisha la vifurushi anasema nagonga mihuri kama napiga mtu. Jioni natoka, natembea haraka kama nilivyozoea, nafika kwenye kona ya duka la viatu ndipo nakumbuka kwamba hakuna haraka yoyote. Majirani wananiambia, "Sasa utapumzika." Ukimwona mtu anayetaka kupumzika, mlete kwangu nibadilishane naye.

Nani anamsuka? Vidole vyako wewe ni vya kukazia nati. Asivutwe, kichwa chake ni laini.

Na ile hadithi anaiulizia? Niambie ukweli.

Dada yako


Mei 11

Dada mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, na Chiriku anakusalimu mpaka amechora moyo hapo pembeni, siyo doa la chai.

Hadithi anaiulizia. Usiku wa kwanza alilia kidogo, nikajitia kuiendeleza. Akanikatiza: "Siyo hivyo, Baba. Fisi wa shangazi hasemi hivyo." Nikazima taa. Asubuhi mayai siyo hivyo. Shuka haikunjwi hivyo. Mlango wa shangazi haupigi kelele hivyo. Dada, mimi nilidhani naishi na mwanangu. Kumbe tunaishi watatu humu ndani, na wewe ndiye mwenye nyumba. Kuna siku nilimwambia kwa ukali, "Shangazi hayupo hapa!" Nilijiona mdogo kama sisimizi.

Lakini jioni, dada! Nikitoka kiwandani napanda kwetu, nabadili nguo, tunatoka. Tunazunguka uwanja, tunasimama kila duka, anauliza bei ya vitu ambavyo hatutanunua. Nimejua rafiki yake ni nani na adui yake ni nani, na jinsi walivyobadilishana Alhamisi.

Kuhusu kusuka, usiwe na wasiwasi. Mlango wa pili kuna mama mmoja mshona mapazia, mtaratibu sana. Jumamosi Chiriku anakaa miguuni pake wanaimba mpaka kichwa kinakamilika. Amemshonea na pazia la dirisha lake, lenye maua.

Mdogo wako


Mei 20

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Huyo mshona mapazia ana mume? Ana watoto wake? Kama anao, wao anawasuka lini? Nauliza tu. Wanaimba nyimbo gani? Mimi nimemsuka Chiriku tangu nywele zake zikiwa kama manyoya ya kifaranga, na sikuwahi kumshonea pazia. Hakuna aliyeniambia kwamba anapenda mapazia.

Haya, tuyaache hayo. Nina habari njema. Mwenye bucha wa hapa sokoni anajenga vyumba vya baridi, vikubwa, vya wauza nyama na wauza samaki wote. Anatafuta fundi wa kujitegemea wa kuvifungia mitambo na kuvitunza. Nimekutaja wewe, akasema jina lako alishalisikia. Atakupigia. Ungekuwa bosi wako mwenyewe tena, bila mwanamke wa honi kukufokea. Na ungekuwa hapahapa, tuwe sote pamoja. Fikiria tu, sikulazimishi.

Dada yako


Juni 14

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima.

Sitazunguka. Mwenye bucha alinipigia, na sikufichi, usingizi uliniruka kwa furaha. Kuna siku kiwandani najikuta natembea kwenye mstari waliouchora wao, nakula kengele yao ikilia, na roho inakumbuka karakana yangu. Nikamwambia msimamizi huenda nikaacha kazi. Nikamwambia mpaka Chiriku. Akarukaruka kitandani, "Tunarudi kwa shangazi!" Iliniuma alivyofurahi, lakini nikasema sawa, tutakuwa wote.

Juzi nikampigia mwenye bucha tupange saa za kazi. Nikamwambia mimi jioni mapema niko nyumbani, nina mtoto. Akacheka.

"Mtoto gani? Dada yako amesema mtoto atakaa kwake kama zamani. Ndiyo maana nimekuchagua wewe, hawa wengine wana familia zinawasubiri. Amesema wewe ukiamshwa usiku wa manane hununi."

Nikamuuliza, "Alisema hivyo lini?"

"Mara zote alizokuja."

Mara zote, dada. Kumbe hukukutana naye tu sokoni ukanitaja. Ulikuwa unakwenda.

Nimemkatalia. Kwa msimamizi nimerudi kuomba radhi mbele ya vijana wa zamu. Na Chiriku nimemwambia haturudi. Amelia mpaka mshona mapazia akabisha hodi. Nimekaa naye mwenyewe mpaka akanyamaza.

Wewe hukunitafutia kazi. Ulitafuta namna ya kunilaza tena sakafuni kwenye majiko ya watu, ili mtoto abaki wako. Usiniandikie kwanza.

Mdogo wako


Agosti 25

Mdogo wangu,

Ulisema nisikuandikie, na nimejizuia mpaka nikachoka. Mko wazima? Hilo tu ningejibiwa lingenitosha, lakini kwa kuwa kalamu iko mkononi nitasema na mengine.

Nilikwenda kwa mwenye bucha. Nilinunua nyama nisiyoihitaji, nikasimama pale kaunta nakusifia, jinsi usivyojua kuchoka. Sikuona aibu hata chembe. Niliona raha. Nilikuwa narudi nyumbani naimba.

Sasa sikiliza. Wewe ndiye uliyekuwa na ufundi mikononi. Wewe ndiye watu waliyekutafuta, wakakusubiri, wakasema bila fulani tutafanyaje. Mimi hakuna aliyewahi kuja posta akaniulizia. Nikifunga dirisha langu wanahamia la pembeni. Kitu kimoja tu nilikuzidi: saa kumi nilikuwa nyumbani, na mtoto alikuwa nyumbani. Nilikuona unavyohangaika na masimu yako na ndani ya moyo nikajiona tajiri. Halafu ukaja na barua yako ya furaha, umepata kazi kama yangu, saa kama zangu, na unataka na mtoto. Ulitegemea nipige vigelegele?

Nina wivu, mdogo wangu. Naamka nao, naupeleka kazini, narudi nao. Namwonea wivu hata huyo mshona mapazia ambaye sijawahi kumwona.

Likizo yangu inaanza wiki ijayo. Nataka kuja kumwona Chiriku. Ukikataa nitakuelewa, ila sitakusamehe.

Dada yako


Agosti 31

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, ahsante kwa kuuliza.

Njoo. Nitakuwa kazini basi lako likifika. Ufunguo uko kwa mshona mapazia, hakuna mwingine wa kumwachia, kwa hiyo vumilia. Chiriku akitoka shule mpokee wewe. Hasira bado ninazo, lakini nitakupikia hivyohivyo.

Mdogo wako


Septemba 15

Mdogo wangu mpenzi,

Hamjambo? Mimi nilifika salama, mgongo umelalamika njia nzima lakini tumefika. Ahsante kwa kunipokea. Mshona mapazia ni mtu mwema sana. Sijalipenda hilo.

Kuna jambo sikukwambia tulipokuwa mezani, na nikilinyamazia nitapasuka.

Siku ile ya kwanza nilimpokea shuleni. Aliponiona alinirukia shingoni, kitambaa changu cha kichwa kikaanguka chini, na mimi nikasema moyoni, haya, bado ni wangu. Tukakaa kwenye ngazi, amenishika mkono, anapiga soga bila kupumua. Nilishiba, mdogo wangu. Mara katikati ya neno akanyamaza. Chiriku, kunyamaza! Nikadhani ameumwa na mdudu. Kumbe amesikia viatu vyako kule mwanzo wa njia. Mimi sikuwa nimesikia kitu.

Akauchomoa mkono wake kutoka kwenye mkono wangu. Hakunitazama, hakuniambia nakuja. Akateremka mbio. Na wewe ulikuwa unakuja mchana kweupe, mkate kwapani, huna haraka, uso umeng'aa kama mtu aliyelala akatosheka. Tangu mazishi ya mke wako sikuwa nimeuona uso ule. Ukamnyanyua juu, mkate ukaanguka, mkaucheka wote wawili.

Nilisimama pale juu, masikio yameziba kwa wivu. Nilitamani ujikwae. Nakwambia kweli, nilitamani. Halafu nikateremka nikauokota mkate, kwa sababu nyinyi mlikuwa mmeusahau.

Usiku ule aliponiomba hadithi nilimwambia amwite baba yake naye aje kusikiliza. Ulidhani nimekuita kwa wema. Nilikuita ili uijue, maana siku moja itabidi uiendeleze, na sitaki fisi wangu aharibiwe.

Wivu haujaisha, sitakudanganya. Ndani ya basi nilimwangalia mama mmoja aliyepakata mtoto mpaka akahama kiti. Lakini Desemba njooni. Njooni wote wawili, mlale siku nyingi, kitanda chake nimekitandika. Ninaomba kimoja tu: mkishuka stendi, siku hiyo ya kwanza niachie mimi Chiriku mpaka jioni. Wewe katembee mjini. Muda unao.

Dada yako