Kumbukumbu za Kikao cha Dharura cha Chama cha Tanuri Moja Kuhusu Mikate Iliyolala

TAREHE: Jumamosi, tarehe 14 ya mwezi wa sita.

MAHALI: Chumba cha tanuri, upande wa magunia. Upande wa pili ulikuwa na moshi.

MUDA: Kikao kiliitishwa saa tatu kamili asubuhi. Kilianza saa tatu na dakika arobaini, Mwenyekiti alipofika.

WALIOHUDHURIA
1. Muuza Mkaa – Mwenyekiti
2. Bibi wa watu wote hapa – Katibu, ndiye mimi ninayeandika
3. Mzee Taratibu – Mkandaji wa unga, mwaka wa kumi na tisa sasa
4. Kinyozi – Mjumbe
5. Mama Pacha, mshonaji – Mjumbe, anasimamia dirisha la kuuzia
6. Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa mwisho, anauza katika duka la dawa – Mjumbe

WASIOHUDHURIA
1. Msambazaji wa mikate – kwa taarifa. Amesema anaona haya kupita mitaani na kapu.
2. Fundi Bomba – bila taarifa, ingawa alionekana dirishani kwake akichungulia.

KUMB. NA. 1/06: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kufika mapema. Wajumbe walitazamana. Alisema kikao kina jambo moja tu zito, kwa hiyo wajumbe waseme kwa kifupi. Kisha yeye mwenyewe akasema kwa muda wa robo saa.

KUMB. NA. 2/06: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Zilisomwa. Kinyozi aliomba maneno "Kinyozi alikoroma" yafutwe, kwa kuwa alikuwa amefumba macho ili afikiri. Katibu alijibu kwamba hana ubaya na kufikiri, ila kule kulikuwa na sauti. Maneno yamebaki.

Wajumbe walikumbushwa maamuzi mawili ya kikao kile, na nayaandika tena hapa kwa kuwa ndiyo yaliyotufikisha hapa:

(a) Kwa kuwa Mzee Taratibu aliugua homa siku nne na mtaa mzima ukakosa mkate, vipimo vyake vyote alivyonavyo kichwani viandikwe kwenye karatasi, tena kwa lita, ili hata mwingine aweze kukanda. Kazi hiyo alipewa mkwe wa Katibu kwa sababu mkono wake umezoea kupima dawa.

(b) Kwa hoja ya Kinyozi, karatasi ikishabandikwa ukutani, Mkandaji aifuate kama ilivyo. Asiongeze hata ukufi, yaani hata kile kiganja kimoja cha unga, maana alidaiwa kuwa anamwaga unga ovyo.

KUMB. NA. 3/06: HALI YA MIKATE

Mama Pacha alieleza kwamba tangu karatasi ibandikwe, siku kumi na moja zilizopita, mikate haiumuki. Inaingia tanurini imelala na inatoka imelala. Alisema mteja mmoja aliuliza kama inauzwa kwa jozi, wa kulia na wa kushoto, maana inamtosha miguuni kama ndala. Mteja mwingine alirudisha mkate aliokwisha kuuma, na yeye akaupokea, kwa kuwa hata yeye angeurudisha.

Wajumbe walicheka. Mzee Taratibu hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya gunia, mikono mapajani, anatazama sakafu.

KUMB. NA. 4/06: HOJA YA KINYOZI

Kinyozi alisimama, akakohoa, akasema kwamba yeye hana chuki na mtu. (Ilikumbukwa na wote kwamba Mzee Taratibu hunyoa kichwa chake mwenyewe nyumbani, kwa miaka kumi na tisa, na duka la Kinyozi liko mkabala.) Alisema tanuri ni lile lile, hamira ni ile ile, kuni ni zile zile. "Kilichochakaa ni mkono," alisema. "Mzee wetu apumzike kwa heshima. Shemeji yangu alikanda unga hotelini miaka miwili, Jumatatu anaweza kuanza."

Mama Pacha aliuliza ni hoteli ipi, ile iliyofungwa?

Kinyozi alijibu kwamba hilo haliko kwenye ajenda.

Mwenyekiti alimuuliza Mzee Taratibu ana la kusema. Mzee alijibu, "Nilipewa karatasi. Nimeifuata." Mwenyekiti alimwomba aongeze kidogo. Mzee alijibu, "Si nilikatazwa kuongeza?"

Katibu anaandika hapa kwamba mzee huyu anakaa peke yake tangu mkewe amtangulie, na kwamba hana pengine pa kwenda alfajiri ila kwenye beseni hili la unga. Mwenyekiti alisema hayo si ya kuandikwa kwenye kumbukumbu. Yameandikwa.

KUMB. NA. 5/06: KUIHAKIKI KARATASI

Mwenyekiti aliamuru karatasi ibanduliwe ukutani isomwe. Mkwe aliisoma yeye mwenyewe:

Kibaba kimoja ni mililita mia sita. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, yaani lita moja na mililita mia mbili. Visaga viwili ni pishi moja, yaani lita mbili na mililita mia nne. Mzee alimwambia kila beseni ni unga pishi tano kwa maji pishi mbili na kibaba kimoja. Basi unga ni lita kumi na mbili, na maji ni lita tano na mililita mia nne.

Aliulizwa alijuaje kibaba ni mililita mia sita. Alijibu kwamba alichukua kopo la kibaba la Mzee, lile lenye mshikio wa waya, akalijaza maji, akayamimina kwenye chupa ya kupimia ya duka la dawa. Alifanya hivyo mara tatu, na mara zote jibu lilikuwa moja.

Kinyozi aliomba apewe nafasi ya kuzidisha. Alizidisha kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani. Akafuta, akazidisha tena. Kisha akatangaza kwa furaha kubwa kwamba hesabu haina hata doa. "Binti huyu amepiga hesabu safi! Sasa kama karatasi ni nzima, kibovu ni nini? Ni mkono!"

Mwenyekiti alikuna kidevu. Mama Pacha aliigeuza karatasi akatazama nyuma yake. Mwenyekiti alisema basi tuingie kwenye kupiga kura.

Katibu aliomba kwanza aone kwa macho. Kinyozi alisema hesabu haionwi kwa macho, ni ya watu waliosoma. Katibu alimjibu kwamba yeye darasa amelisikia kwa jirani tu, lakini amelea watoto saba kwa kibaba na hakuna aliyelala njaa, na wewe mwenyewe Kinyozi umekula kwenye sufuria yangu ulipokuwa huna hata wembe. Mwenyekiti aliomba utulivu. Ulipatikana.

KUMB. NA. 6/06: KICHWA CHA UNGA

Katibu alimwambia mkwe, "Mwanangu, chota unga hapo kibaba kimoja, kama ulivyoandika."

Mkwe alichota kwenye gunia kopo likajaa mpaka likafanya kilima. Kisha akachukua rula yake mfukoni, akaipitisha juu ya mdomo wa kopo taratibu, kilima chote kikaanguka guniani, unga ukabaki sawasawa na ukingo.

Mzee Taratibu alisimama. Ni mara ya kwanza kusimama tangu kikao kianze.

"Binti," alisema, "kichwa chake umekipeleka wapi?"

"Kichwa gani, babu?"

"Kichwa! Kichwa cha kibaba! Si umekikata sasa hivi mbele yetu!"

Mkwe alieleza kwamba dawa haipimwi ikiwa na mlima, mgonjwa atakufa. Mama Pacha naye alipiga paja akasema, "Ewe! Kumbe unapima mfuto!" Wajumbe wote wenye mvi walianza kusema kwa pamoja, na Katibu hakuweza kuandika kila mmoja alisema nini. Kwa jumla ilikuwa hivi: kuna kibaba cha tele, kinachojaa mpaka kinafanya kichwa, na kuna kibaba cha mfuto, kinachofutwa juu kikawa bapa. Unga wa mkate tangu zama za mama zetu hupimwa tele. Anayefuta ni mwenye duka bahili, tena akikuuzia, si akijikandia.

Mkwe aliuliza, "Na maji je?"

Wajumbe walimgeukia Mzee.

Mzee Taratibu alisema, "Maji hayana kichwa. Ukiyapa kichwa yanakumwagikia miguuni."

Hapo ndipo ilipoeleweka. Mkwe alikipima kibaba kwa maji, na maji siku zote ni mfuto. Kwa hiyo maji ya kwenye karatasi yalikuwa sawa kabisa, na unga ulikuwa umepungua kichwa kimoja kwa kila kibaba. Donge likawa nusu uji, na uji hauwezi kuumuka.

Ilikubaliwa kichwa nacho kipimwe. Mzee alichota kibaba cha tele kwa mkono wake, bila kutikisa, akakimimina kwenye chupa ya mkwe. Unga ulifika mililita mia saba na hamsini. Kichwa peke yake, basi, ni mililita mia moja na hamsini. Vibaba vinne vya tele ni sawa na vibaba vitano vya mfuto.

Mwenyekiti alimwomba Kinyozi, kwa kuwa ndiye mtaalamu wa kuzidisha, azidishe. Pishi tano ni vibaba ishirini. Vichwa ishirini, kila kimoja mililita mia na hamsini. Kinyozi alizidisha mezani kwa kidole, safari hii polepole, akasema "lita tatu." Mwenyekiti alimwomba arudie kwa sauti ya kusikika. Alirudia.

Kwa hiyo kila beseni lilikosa lita tatu za unga kwa siku kumi na moja, na unga wenyewe wa kuziba pengo ulikuwa guniani, hatua mbili kutoka beseni lilipo.

KUMB. NA. 7/06: LAWAMA

Kinyozi alisema kama ni hivyo basi mkosaji amepatikana, na akamtazama mkwe wa Katibu. Mkwe machozi yalimlengalenga.

Katibu aliweka kalamu chini. Kabla hajafungua kinywa, Mzee Taratibu alimtangulia:

"Msimguse binti huyu. Nilimwambia pishi tano, sikumwambia za tele. Tangu nizaliwe sijaona mtu anafuta unga wa mkate. Ningesemaje kitu ambacho sikujua kwamba huwa kinasemwa?"

Katibu aliokota kalamu akamuuliza Mzee: siku ya kwanza alipotia mkono kwenye donge, hakujua kwamba ni la majimaji? Mzee alisema alijua kabla hata ya kufika kwenye kiwiko. Aliulizwa kwa nini alinyamaza siku zote hizo. Alisema, "Mliniambia hata ukufi nisiongeze. Nikasema sawa, wataona."

Katibu alimwambia mbele ya wote kwamba kununa si kazi ya mtu mwenye mvi, kwamba angewaua watu kwa mikate migumu kwa ajili ya kiburi, kwamba mlango wa nyumba yangu anaujua, na kwamba leo jioni aje ale maana amekonda kama ufagio. Mzee alisema, "Ndiyo, dada." Mwenyekiti aliuliza kama hilo ni azimio. Katibu alisema ni amri.

Uamuzi (a) uliandikwa upya: unga lita kumi na tano, maji lita tano na mililita mia nne. Uamuzi (b) ulifutwa. Aliyeuleta alipoulizwa kama ana pingamizi, alisema hapana, akitazama mlangoni.

KUMB. NA. 8/06: MENGINEYO

Mwenyekiti alishauri kwamba kuanzia sasa tupime kwa debe, kwa kuwa debe lina haraka kuliko kuinama na kibaba. Katibu alipinga. Debe moja la lita ishirini linaingia vibaba vya mfuto thelathini na kitu, lakini ukilipima tele linapata kichwa kimoja tu, ambapo vibaba vyake vingepata vichwa thelathini na kitu. Mwenyekiti alisema ameelewa. Aliombwa aeleze. Alisema tuendelee.

KUMB. NA. 9/06: MAJARIBIO

Kikao kiliahirishwa saa nne na nusu ili Mzee akande beseni moja. Mkwe alikunja mikono ya gauni akakanda naye. Mzee aliushika mkono wake akauzamisha kwenye donge, akamwambia, "Likikuachia vidole lenyewe, lita zako zimetimia." Mkwe aliandika maneno hayo chini ya karatasi, karibu na mililita.

Kikao kiliendelea saa nane mchana. Donge lilikuwa limeinua kitambaa. Saa tisa kasoro mikate ilitoka, ina migongo. Msambazaji alikuja bila kuitwa, kapu likiwa kichwani tayari. Fundi Bomba naye alikuja, akasema alikuwa mgonjwa, akapewa kipande.

Mwenyekiti alikumbusha kwamba hoja ya kumpumzisha Mzee Taratibu bado iko mezani na inahitaji mtu wa kuitetea. Alimwita Kinyozi mara mbili. Kinyozi aliinua mkono kuomba asubiriwe, kwa kuwa kinywa chake kilikuwa kimejaa. Alisubiriwa. Alipomeza, alinyoosha mkono kwenye sinia akachukua kipande kingine.

Hoja ilianguka.

Mzee Taratibu hakuwepo kusikia. Alikuwa nyuma, anachota vibaba vya tele kwa ajili ya beseni la pili, anahesabu kwa sauti.

KUFUNGA

Mwenyekiti alikifunga kikao saa tisa na dakika ishirini, mikate ilipokuwa inaanza kupoa, akawaruhusu wajumbe waondoke na vipande vyao.

Sahihi ya Mwenyekiti: ………………… (unga ulio juu ya sahihi ni wa kidole chake)

Sahihi ya Katibu: …………………