Siku Nekesa Alipokosa Maneno

Kwa Wanjiku wangu,

Habari za huko? Sisi wa Kiganjo tupo, ila nyumba imekuwa kimya tangu babu yako atutoke. Umeniuliza kama bado naomba.

Nilipokuwa nikichuma kahawa Ruiru, kabla mama yako hajazaliwa, nilizika mtoto wangu wa kwanza. Jirani yangu Nekesa alikuja kuniombea. Alifumba macho, kisha akasema, "Dada, leo sina neno." Akachukua nguo za mtoto, akazifua, akakaa nami hadi zikakauka.

Nilimwambia asante. Mwaka ule sikuweza kuomba ombi lingine ila hilo.

Sikupona huzuni ile, mjukuu wangu, nisikudanganye. Asubuhi nyingi siombi. Jirani wa hapa akiniletea uji namshukuru, na hapo ndipo nguvu zangu huishia.

Shosho wako