Zamu ya Donat

Hewa Bora, Lubumbashi
8 Septemba 2024

Yaya Victorine, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu na za mama. Sisi wazima. Magoti yanamsumbua, lakini bado anagombana na majirani, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Na wewe, Kalemie hujambo? Siku masista wako watakaporuhusu simu, nitapumzika kuandika.

Nina jambo. Nimejiunga na vijana wa parokia wanaojitolea kuokoa watu kwenye karieri ya Annexe, lile shimo la mawe lililojaa maji, lililomchukua kaka yetu Donat mwaka jana. Najua utanuna. Lakini watu bado wanaoga pale, na sitaki mama mwingine alie bila maiti ya kuzika.

Tuko saba. Tumejifunza kuogelea na kamba, kumshika mtu kwa nyuma asikuzamishe, kumpulizia pumzi. Utaratibu nimeuleta mimi, ule wa baba mgodini: anayeingia majini anatundika ubaoni jetoni, kile kibati chenye namba yake; akitoka, anaiondoa. Nimetundika na ya Donat, kwa heshima. Hiyo haiondolewi.

Mdogo wako,
Alexis


Kalemie
2 Oktoba 2024

Alexis wangu,

Yesu asifiwe. Namshukuru Mungu kwa uzima wenu. Mama umkande magoti kwa maji ya moto, hata akikutukana.

Kuhusu kuokoa watu, nakubali, tena najivunia. Lakini jetoni ya Donat iondoe leo hii! Umesahau baba alivyotuambia? Jetoni ikining'inia, mwenyewe yuko kazini chini, na mtu wa zamu hapandi mpaka wa kumpokea zamu ashuke. Heshima gani hiyo? Sisi tulimwombea misa apumzike, wewe umemwandika kazi!

Yaya wako,
Victorine


Hewa Bora
10 Novemba 2024

Yaya mpendwa,

Habari za huko, na mvua imeanza? Huku tuko salama, nadhani.

Jetoni nimeiondoa, ila nilichelewa. Jumapili iliyopita alizama msichana mmoja, Exaucée. Nilipiga mbizi, maji yale ni meusi, huoni hata mkono wako. Akapanda mwenyewe, mwepesi, nikamvuta tu. Alipopata pumzi alisema: "Kulikuwa muntu mwingine chini. Alinisukuma ku miguu." Wenzangu wote sita walikuwa ukingoni, wamekauka.

Tangu hapo, kila nikiingia, mkono unanishika kifundo cha mguu. Hauvuti. Unashika tu, kwa upole, kisha unaachia. Yaya, ni Donat. Nimelala naye kitanda kimoja miaka kumi na mitano, mkono wake naujua. Amechoka.

Mama anamlilia kila siku. Mimi ananipikia tu. Simlaumu, lakini inaniuma. Jumamosi ijayo nitashuka bila kamba.

Mdogo wako,
Alexis


Hewa Bora
12 Desemba 2024

Alexis,

Sijui nikusalimu vipi, lakini nakusalimu. Una baridi?

Barua yako ilinifikia mwisho wa mwezi. Nilipanda treni siku ileile, na ikatuchukua siku tisa. Wenzako wananishangaa nikilia. Wanasema Jumamosi ile mlishuka saba, mkapanda saba, wakafunga kazi. Walikuona kwa nyuma ukivaa shati lako na kuondoka bila kuaga.

Mama alinifungulia mlango akicheka. Tangu mwaka jana sijamwona akicheka. "Victorine, kuya uone! Donat amerudia. Iko nakula."

Yuko mezani ninapoandika. Ni yeye, hakuzeeka hata siku moja. Amevaa shati lako. Nywele zake zinadondosha maji kwenye sahani, na mama anafuta meza. Ananiita yaya. Nashindwa kumchukia, ni ndugu yangu naye.

Nilimuuliza mama: "Na Alexis?"

Hakugeuka. "Alexis iko ku kazi."

Barua hii nitaifunga jiwe niitupe karieri. Leo asubuhi nimewaomba wenzako wanifundishe kuogelea. Nisubiri, mdogo wangu.

Yaya wako,
Victorine